Msaada wa Shamba la Kipawa

Kipawa,
22 Aprili 1951

Mdogo wangu Albano,

Tumsifu Yesu Kristu. Ikiwa barua hii inakukuta mzima huko Kimamba, na kazi ya ukarani wa mkonge haijakumaliza, nashukuru. Sie huku roho zimo mwilini na watoto wote watatu wapo. Nimeanza na hilo ili usishtuke ukisoma yanayofuata.

Bonde lote limekwenda na maji. Mvua ya Pugu haikukatika, mto ukaacha njia yake ukapita kwetu. Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke na kuinama vizuri. Sasa ni tope, na juu ya tope matete yaliyong'oka kwa watu wengine. Banda la kupikia limekwenda, na mbuzi wote. Bibi Tabu, jirani yetu wa chini, alikataa kutoka nyumbani kwake, akasema mto huu anaujua tangu enzi za Mjerumani. Tumemzika juzi.

Bwana Disii, mkuu wa wilaya, alikuja na motokaa akasimama juu barabarani, akalitazama bonde kama mtu anayetazama sahani chafu ya mwenzake. Jumbe alikuwa pembeni yake na mwavuli, anasema yeye tu. Akaonyesha na shamba lake kuwa nalo limezama. Albano, shamba la Jumbe unalijua. Liko kule mlimani kwenye mikorosho, mie nikipanda kuokota kuni natweta. Basi labda maji yalipanda mlima kumwamkia.

Serikali imesema itatoa fedha kwa kila shamba lililoharibika, watu wapate mbegu na chakula mpaka mavuno mengine. Nikaenda kwa karani kujiandikisha. Akaniuliza, "Shamba la nani?" Nikasema, langu. "Hati ina jina la nani?" Nikasema, la ndugu yangu. Akasema, "Basi wewe ni mlimaji tu, Mama. Msaada ni wa wenye mashamba. Mwite mwenyewe." Neno mlimaji alilitamka kama jina la ugonjwa.

Unajua vizuri kwamba shamba hili lilinunuliwa kwa fedha za jeshini za marehemu mume wangu, aliyefia Burma. Jina lako liliandikwa kwa sababu yule mzee alisema hauzii mwanamke ardhi. Njoo, hata kwa siku moja, useme mbele ya karani kwamba shamba ni langu. Nauli nitakurudishia.

Watoto wanakuamkia mjomba wao.

Dada yako,
Anjelina

*

Kimamba,
10 Mei 1951

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima kabisa, ila kazi ni nyingi. Siku hizi nimepewa meza yangu mwenyewe, karibu na dirisha la Bwana Meneja, na makarani wengine wanapita kwangu kwanza kabla ya kumwona. Nimefurahi kusikia mko hai. Bibi Tabu apumzike kwa amani, lakini wazee wale ndivyo walivyo, hawaambiliki.

Habari za msaada nilizisoma gazetini kabla barua yako haijafika. Nakuomba usigombane na Jumbe. Mwanamke anayegombana na Jumbe hujipatia sifa mbaya, na sifa hiyo itaandamana na jina langu, si lako. Hayo ya mikorosho na mwavuli yaache kisimani huko kwa wanawake wenzako.

Kuja siwezi. Bwana Meneja hapitishi siku bila kuniita. Mambo ya ofisi yana njia zake, Dada, na mtu aliyesimama katikati ya tope hawezi kuziona. Niachie mimi. Wewe kaa kimya, usafishe majaruba.

Ndugu yako,
Albano

*

Kipawa,
15 Julai 1951

Albano,

Tumsifu Yesu Kristu. Afya yako siulizi, maana Hamisa amekuona Buguruni, akasema umenawiri.

Hamisa ni yule Mzaramo anayelima jaruba la pili kutoka letu, na jioni anauza vitumbua sokoni. Alikuja kwangu akaniuliza, "Mdogo wako yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko Kimamba."

"Basi Kimamba imehamia Buguruni. Nimemwona leo amevaa viatu vya kahawia, ananunua kitambaa cha suti. Nimemsalimu, akaitikia kama hanijui."

Nikamwambia amekosea mtu. Nilikutetea, Albano. Nataka ulijue hilo.

Kisha ikaja siku ya malipo. Tuliitwa wote kwenye kiwanja cha Jumbe. Wenye hati wakakaa kwenye mabenchi, sie wa tope tukakaa chini. Bwana Disii akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokota, kwamba Serikali ni baba yetu na mama yetu. Tukaambiwa tupige makofi. Jumbe ndiye aliyeitwa wa kwanza. Alikwenda akichechemea, utadhani mafuriko yalimvunja na mguu. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga saluti, akarudi benchini anatembea sawasawa.

Likasomwa jina lako. Karani akasema, "Huyu alikwisha kuchukua zake mjini, ofisini." Watu wakanigeukia kunipongeza! Mama mmoja akaniambia, "Una bahati, ndugu yako amefika." Nikapiga makofi. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Walimaji tulipewa mahindi yaliyobunguliwa, debe moja kila nyumba. Ukiyapepeta, ungo unabaki na vumbi na wadudu.

Kutoka Buguruni mpaka Kipawa mtu mwenye viatu anafika kabla jasho halijamtoka. Ulikuwa hapo, hukuja kuwaona hata watoto. Sitaki maneno mazuri. Nataka mbegu, na chakula cha kutufikisha kwenye mavuno. Ulichopokea ni cha shamba, kilete shambani.

Dada yako,
Anjelina

*

Kimamba,
2 Agosti 1951

Dada Anjelina,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Barua yako imeniudhi sana, na kama isingekuwa ni wewe uliyenibeba mgongoni nisingeijibu.

Nilifika Dar es Salaam kwa haraka na nikaondoka kwa haraka. Jambo lenyewe ni hili: nimeposa. Binti anaitwa Margareta, baba yake ni mzee Polikarpo, katekista wa huku upande wa Kilosa, mtu anayeheshimiwa mpaka na mapadri. Mzee hapokei mahari ya nusunusu, na walikuwapo wengine waliokuwa wakibisha hodi. Ningesubiri ningemkosa. Tumefunga ndoa Jumamosi iliyopita. Suti ilipendeza, kila mtu amesema.

Fedha ya Serikali ilitolewa kwa mwenye shamba, na mwenye shamba ameitumia. Hakuna aliyeibiwa. Ungekuwa umesoma zaidi ya darasa la nne la masista ungeelewa jinsi sheria inavyokwenda. Tena wewe umezoea, Dada. Mtu wa jembe njaa humpitia ikaondoka, lakini mtu wa ofisi akiaibika mara moja haponi.

Endelea kulitunza shamba, ni letu sote. Mbegu nitaleta mwisho wa mwaka, Mungu akipenda.

Ndugu yako,
Albano

*

Ukonga,
30 Agosti 1951

Bwana arusi,

Hongera. Mke mwema ni zawadi ya Mungu, na huyo namwombea, maana atahitaji maombi.

Shamba lako nimekuachia. Nimehamia Ukonga na watoto, huku juu, kwenye ardhi ya mjomba wake Hamisa. Mzee huyo hana hati wala viatu, lakini alipotuona na mizigo kichwani alituonyesha mahali pa kulima kabla hatujamaliza kuamkia. Mlango wa nyumba ya Kipawa nimeufunga kwa kamba. Jembe nimelichukua, lilikuwa langu.

Wewe ndiye mwenye shamba. Basi kuwa nalo.

Anjelina

*

Kimamba,
20 Januari 1952

Dada yangu mpenzi, dada wa tumbo moja,

Shikamoo, na shikamoo tena. Afya yako je? Na watoto hawajambo? Yule mdogo, anaitwa nani vile, kikohozi kilimwacha? Nimekuwa nikiwafikiria sana, ila kazi zilinizuia kuandika.

Dada, nimepatwa. Imekuja barua ya Serikali kupitia kwa Bwana Meneja. Inasema kila aliyepokea msaada wa mafuriko lazima shamba lake lionekane limelimwa na kupandwa mpunga na muhogo masika hii. Bwana Shamba alipita Kipawa, akakuta matete marefu kuliko yeye. Nisipolima nirudishe fedha yote, na nisiporudisha nifungwe. Bwana Meneja aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya makarani wote, kisha akaniuliza kama nimegeuka mkulima wa kwenye karatasi. Walicheka mpaka yule mfagiaji.

Fedha sina. Iko kwa mzee Polikarpo, na wewe unajua mahari hairudishwi mke akiwa ndani.

Nakuomba ushuke Kipawa ulilime lile bonde. Kwako wewe uliyezoea ni kazi ndogo. Nitakulipa kibarua kama ninavyomlipa mtu yeyote. Nakupigia magoti, Dada.

Ndugu yako asiye na mwingine,
Albano

*

Ukonga,
3 Februari 1952

Albano,

Tumsifu Yesu Kristu. Sie hatujambo. Mtoto anaitwa Demetria. Kikohozi kilipona bila mjomba.

Barua yako nilimsomea Hamisa tukiwa shambani. Ilipofika pale pa kibarua alinizuia, akasema, "Hebu rudia hapo." Nikarudia. Akakaa chini juu ya tuta kwa kicheko. Unataka kunilipa kibarua kwenye shamba la mume wangu, kwa fedha usiyokuwa nayo, ili usifungwe kwa fedha uliyonila. Mtu mwingine angekufa kwa aibu kabla hajamaliza kuandika sentensi hiyo. Wewe uliikausha wino ukaibandika stempu.

Unaniuliza nilichokula mwaka huu? Hukuniuliza, lakini nitakuambia. Tulikula mchicha wa porini, na maembe mabichi kwa chumvi. Mkubwa wangu aliacha shule akawa anamsaidia Hamisa kukaanga vitumbua. Sasa tuna muhogo, kunde na mahindi machanga, na Serikali haijatuona, ndiyo maana vimestawi.

Njoo ulime mwenyewe. Majembe yanauzwa mjini, na wewe duka la vitambaa unalifahamu, la majembe halitakushinda. Bwana Shamba hapimi kalamu.

Dada yako,
Anjelina

*

Kipawa,
16 Machi 1952

Dada,

Shikamoo. Nampa Hamisa karatasi hii akuletee, maana nilipopanda Ukonga juzi ulifunga mlango, na sikulaumu.

Nimekuja na Margareta. Bwana Meneja alikataa kunipa ruhusa, nikaondoka hivyo hivyo, na meza yangu sasa anakalia mwingine. Tunalala katika nyumba yako. Sehemu ya paa imeoza, mbu wanaingia kama wamealikwa.

Dada, sikujua kulima kunafanana hivi. Mikono imefanya malengelenge mpaka kushika kijiko ni kazi. Wanawake wa bondeni wanakuja kunitazama kama wanatazama ngoma. Mmoja aliniuliza kama suruali hiyo niliikunja mwenyewe au nilikunjiwa ofisini. Lakini Margareta! Kumbe kwao wanalima mpunga. Wakati mimi bado natafuta mahali pa kuweka koti, yeye alikuwa amefyeka matete jaruba zima.

Bwana Shamba alipita. Nikamsalimu kwa Kiingereza, nikaanza kumweleza kwamba mimi kwa kweli ni karani. Hakunisikiliza. Akasema, "Jembe, jembe," akionyesha ardhi kwa fimbo yake, akaenda zake. Nyuma yake alikuwapo Jumbe kwenye baiskeli mpya. Akacheka. Shamba lake la mlimani hakuna aliyelikagua.

Jana mchana Margareta aliniuliza, "Hili shamba alikuwa akilima nani kabla yetu?" Nikamwambia yote, na ya mahari pia. Alilima mpaka jua likazama, na mimi sikuthubutu kupumzika kabla yake.

Nimeona, Dada. Mavuno yakikaribia kutakuwa na baraza, Bwana Disii atakuja kuona msaada ulivyofanya kazi. Nitasimama mbele yake niseme shamba hili ni la nani na aliyelipia ni nani. Na la Jumbe nitalisema. Nakuapia kwa kaburi la mama yetu.

Ndugu yako,
Albano

*

Ukonga,
18 Machi 1952

Albano,

Nakutumia vijiti vya muhogo vya kupanda, na kunde pishi moja. Malengelenge usiyatoboe, paka mafuta ya nazi. Jembe lishike chini zaidi, usilinyanyue juu kama unapiga nyoka.

Mwambie Margareta nimemsalimu. Siku ya baraza nitakuja.

Dada yako,
Anjelina

*

Ukonga,
9 Juni 1952

Albano,

Nilikuwapo.

Nilikaa nyuma na Hamisa, karibu na wale waliokuwa wakimpikia Bwana Disii chai. Nilivaa kanga yangu ya Pasaka. Nilikuwa nimewaambia watoto, leo mjomba wenu atasema.

Bwana Disii aliusifu mpunga wa Kipawa. Akauliza, "Nani amelima vizuri namna hii?" Ukasimama. Margareta alikuwa nyuma yako na kucha zake bado zina tope. Nikauona mdomo wako unafunguka, moyo ukanidunda kama wa msichana. Nikajisemea, sasa.

Kisha Jumbe akakuinamia sikioni. Sijui alikuambia nini, na sitaki kulijua, kwa kuwa haikumchukua muda hata wa kukohoa. Ukaanza kusema kwa Kiingereza, kirefu, mpaka Bwana Disii akatabasamu. Halafu ukatutafsiria sie wa chini: kwamba wenye mashamba wa Kipawa wanaishukuru Serikali yao, na hasa wanamshukuru Jumbe wao, ambaye ingawa mwenyewe alipata hasara kubwa kwa maji yale hakuwasahau watu wake.

Bwana Disii akakupa mkono wewe. Margareta hakuna aliyemtazama. Watu wakaambiwa wapige makofi.

Hamisa akaninong'oneza, "Twende zetu, shoga, nisije nikacheka mbele ya bendera." Lakini hakuwa akicheka, wala mie.

Nasikia umepewa ukarani wa Jumbe, na kiti. Haya. Kwanza nilikudharau kwa sababu ulinila. Hilo ningeweza kulisahau, watu hulana. Mwenye njaa akikosea namwelewa. Wewe siku ile ulikuwa umeshiba kunde zangu.

Na umeapa kwa kaburi la mama. Sasa huna dada wa kumwapia. Kama bado una haja ya kuapa, Jumbe ana kaburi la mama yake.

Anjelina

*

Ofisi ya Jumbe, Kipawa,
20 Julai 1952

Kwa Bibi Anjelina, mlimaji wa Ukonga,

Salamu. Natumaini u mzima, nasi hapa ofisini wazima.

Unaarifiwa ya kwamba Jumbe amepata habari za msaada mwingine wa Serikali, wa mbegu, ambao safari hii utawafikia hata wanawake walimaji wa huko juu. Kila anayetaka afike mbele ya karani aandikwe. Aje na kuku mmoja wa heshima kwa Jumbe. Asiyefika asije akalalamika baadaye.

Tena, ikiwa umemwona Margareta, mwambie arudi. Ameondoka Jumatatu bila kuaga na amechukua jembe. Watu wameanza kuuliza, na kwa mtu wa cheo changu haipendezi.

Albano,
Karani wa Jumbe

*

Ukonga,
22 Julai 1952

Kwa Karani wa Jumbe,

Salamu zimefika. Afya zetu nzuri, watoto wazima. Mkubwa amerudi shule.

Kuku tunao. Mnene kuliko wote tulimchinja jana, tukamla na ugali wa muhogo, kwa ajili ya mgeni.

Margareta yuko hapa. Jumatatu alitukuta tunapalilia. Alisimama ukingoni mwa shamba na jembe begani, akatuamkia sote kwa adabu. Nikamuuliza, "Umefukuzwa?"

Akasema, "Hapana, wifi. Nimechoka kuona haya kwa niaba ya mtu."

Nikamwonyesha tuta la kuanzia. Analima vizuri kuliko mie, na hilo nimemwambia. Jioni, tukimenya muhogo, Hamisa akamwelezea habari zote za ile fedha ya mafuriko, ilikotoka na ilikokwenda, maana yale yote uliyosema umemwambia, kumbe ulimwambia kwa kifupi. Margareta alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini. Niliogopa atalia. Akacheka, akasema, "Basi mie ndio ule msaada!"

Tulicheka mpaka mjomba wake Hamisa akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Akitaka kurudi kwako njia anaijua, simzuii. Leo nimemuuliza, akanijibu kwamba kwanza anataka kuona mahindi yake yakiota.

Kwa hiyo usituandike, Karani. Msaada wa Serikali kwa shamba la Anjelina umefika. Ulichelewa njiani, lakini leo asubuhi umelima mpaka kwenye mpaka wa jirani.

Anjelina